Mtambo wa kazi moja ni hatari

Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya rambo ilipigwa marufuku Tanzania. Kenya ilikuwa imetangulia, Agosti 28, 2017. Marufuku hiyo naiunga mkono kabisa. Kinachoniuma ni jinsi tunavyonunua mitambo. Tunauliza bei, umeme unaoliwa na vipande vinavyotoka kwa saa, basi. Soko likigeuka mtambo utafanya nini, hatuulizi.

Katika kiwanda cha mifuko, baada ya marufuku, mtambo wa kuyeyusha plastiki na kuivuvia bado ungeweza kutoa vifungashio vya viwandani na vya kilimo, ambavyo sheria ya Tanzania iliviruhusu. Mashine ya kukata mifuko na kutoboa sehemu ya kushikia ndiyo iliyokosa kazi. Mwenye kiwanda aliyenunua laini, yaani mashine zinazofuatana kazini, inayoachana vipande vipande alikuwa na sehemu moja ya kubadilisha. Aliyenunua kila kitu kikiwa kimefungwa pamoja alikuwa na hasara.

Mwaka 1996 Yoram Koren na wenzake walianzisha kituo cha utafiti Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kwa ajili ya mifumo ya uzalishaji inayopangika upya. Walitaka laini ya moduli, yaani vipande vinavyoungwa na kutenganishwa, unayoiongezea uwezo kidogo kidogo kadiri oda zinavyokuja. Mashine ghali inayoweza kila kitu si jibu, maana unalipia uwezo ambao huenda usiutumie kamwe.

Mpangilio wenyewe una pesa ndani yake. Chukua mashine 6, kila moja ikifanya kazi asilimia 90 ya muda. Ziweke kwenye mstari mmoja bila akiba ya bidhaa zinazosubiri kati ya mashine na mashine: moja ikisimama zote zinasimama, na laini inatembea kama asilimia 53 tu ya muda. Zipange mistari 3 ya mashine mbili mbili, utapata wastani wa asilimia 81 ya uwezo. Ni kweli kila mashine italazimika kufanya hatua nyingi zaidi, na gharama ya vifaa vya kila mashine itapanda. Lakini hesabu hiyo ifanywe kabla zege la sakafu halijamwagwa.

Halafu kuna muda wa kubadilisha kazi, na hapa ndipo viwanda vyetu vinavuja. Kiwanda cha chupa kinahama kutoka lita moja kwenda nusu lita: mashine inazimwa kwanza, ndipo fundi anaanza kutafuta spana. Kalibu ya pili, yaani chombo kinachoipa chupa umbo, bado ipo stoo, ya baridi, na winchi imeshikwa na watu wengine. Zamu nzima inaliwa hivyo. Shigeo Shingo, mhandisi wa Kijapani, aliikuta presi (mashine ya kugandamiza bati) ya tani 1,000 kiwandani Toyota ikichukua saa 4 kubadilishwa kalibu. Muda huo ulishuka hadi dakika 90, kisha dakika 3. Siri kubwa ilikuwa kuandaa kila kinachoandalika wakati mashine bado inazalisha.

Fundi anayefungua hizo bolti ndiye anayejua haya yote, na ndiye asiyeitwa siku ya kununua. Mimi nataka aitwe. Muuzaji akifungua michoro, fundi aulize kalibu inashikwa kwa bolti za saizi ngapi, moduli ya ziada itaungwa wapi, na programu ya mtambo tutaweza kuibadili wenyewe au tutamsubiri mtaalamu apande ndege.