Mishkaki ya shavu langu

Gego langu la chini huku kushoto lilinichezesha wiki mbili silali. Bibi kila usiku anatoa karafuu jamvini ananambia bana hapo, na kila asubuhi hukumu yake ile ile, mjukuu wangu dawa ya jino bovu kung'oa, sogea hapa nikufunge uzi.

Uzi wa bibi naujua mie. Nikapanda boti Mkoani, kwetu Pemba, nikenda mjini Unguja kwa dokta wa meno.

Dokta kapiga picha, kanionesha weusi mzizini. Kasema chagua mwenyewe. Tung'oe ubaki na pengo, ukitaka la kupandikiza ni skrubu ya titaniamu inaingia kwenye taya, unangoja kama miezi mitatu mpaka sita ishikane na mfupa ndo uvishwe jino, au tulitibu hili hili, natoa mshipa uliooza, nasafisha mizizi naziba, baadae linavikwa kofia. Nikauliza bei ya skrubu, nikaigeuza pishi za karafuu kichwani, mikarafuu yote ya nyuma ya nyumba ishakwenda. Okoa dokta, okoa!

Kachoma sindano, nusu ya mdomo ikahama. Wakati natoka kanambia usile mpaka ganzi itoke.

Sasa mie toka alfajiri tumbo tupu, napita Darajani urojo unanukia, nikajisemea si ntatafuna upande wa kulia tu? Kachori imepita, bajia imepita, nikafika kwenye mishkaki, loh, nyama gani hii yakhe, natafuna hairegei, inateleza inarudi pale pale. Nikamlalamikia dada wa urojo kwa ulimi mzito wa ganzi, "Ghaga, nyama hii mbishi!" Dada kanitazama, upawa ukabaki juu. "Kaka, mbona unatoka damu?"

Kumbe natafuna shavu langu. Na lile rojo nlokuwa nadhani nimelimeza lote liko kwenye shati, shati jeupe tena.

Kesho yake narudi Pemba shavu limevimba kama nimeficha embe, gego lenyewe kimyaa. Bibi kanifungua mdomo, kanusa. "Hii si karafuu?"

Nikamwambia ndio bibi, dokta kaziba kwa muda, dawa yake ina mafuta ya karafuu.

"Pesa yote ile, na boti, ukatiwe karafuu?"

Akainuka kwenda kutafuta uzi.