Nani aende Mpanda?

Novemba 2012, kampuni binafsi ya ndege Fastjet ilipoanza safari za Dar–Mwanza kwa nauli iliyotangazwa kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi, wengi tulidhani ni utapeli. Safari yangu ya kwanza niliketi jirani na mama anayeuza dagaa, aliyezoea kukesha kwenye basi. Alishika mkanda kwa mikono miwili tangu tunapaa. Tulipotua Mwanza, saa moja na nusu baadaye, alipiga simu nyumbani: "Nimeshafika." Ilibidi arudie mara tatu.

Kwa hiyo wanaosema kampuni binafsi hazina la kutufaa angani siwaungi mkono. Tena Precision Air ndiyo iliyobeba abiria wa ndani miaka ile ATCL, shirika la ndege la serikali, lilipokuwa hoi, baada ya ubia wake na South African Airways kuvunjika mwaka 2006.

Lakini Fastjet yenyewe ilisimama mwishoni mwa 2018, imeelemewa na madeni. Mwenye mtaji wake akiumia hufunga virago, na hakuna wa kumlaumu. Miji ya mbali kama Songea au Mpanda abiria ni wachache ilhali mafuta ya ndege hayapungui bei, basi mfanyabiashara anapiga hesabu na kubaki Dar. Ndege ya serikali inakwenda. Hapo wanaoitetea ATCL wana hoja, na ninaikubali kwa moyo wote.

Tunaachana kwenye gharama. Kwa mujibu wa CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, hasara ya ATCL ilikuwa shilingi bilioni 56.6 mwaka 2022/23, ikapanda hadi bilioni 91.8 mwaka uliofuata. Si zote ni uzembe. Matatizo ya injini za Airbus A220 yaliwahi kulaza ndege chini kwa miezi. Ila katika hizo bilioni, ngapi zilimfikisha mtu wa Mpanda kwao, na ngapi zilipotea kugombania abiria wa Mwanza ambao kampuni binafsi ingewabeba bila kuomba senti ya mlipakodi? Zote zimetiwa kapu moja.

Ningependa serikali itangaze tenda: nani ataruka Mpanda mara tatu kwa wiki, kwa nauli ya kiwango hiki, na anahitaji ruzuku kiasi gani? ATCL iingie, na wengine waingie. Njia nono ziachiwe ushindani. Hapo mkulima wa korosho wa Tandahimba, ambaye hajawahi kupanda ndege, ataona kodi yake imekwenda wapi.