Kabla ya kutuma hela ya kitalu nyumba, hesabuni maji

Wengi wetu tulioko Uingereza tukiona kitalu nyumba, ile nyumba ya plastiki au kioo ya kuoteshea mboga, kimejaa nyanya, wazo linalotujia ni kutuma hela nyumbani Tanzania kijengwe kama hicho, ili wazee wale mboga mwaka mzima. Nia ni njema kabisa. Lakini naona tunatuma dawa ya ugonjwa ambao nyumbani haupo.

Huku kinachokwamisha mboga ni baridi na mwanga. Katikati ya Uingereza, eneo kama Birmingham, baridi ya kugandisha inaweza kuua miche ya nyanya hata ikifika katikati ya Mei, na inaanza tena Oktoba. Kuanzia mwisho wa Oktoba hadi katikati ya Februari urefu wa mchana haufiki saa 10, na Desemba hupungua chini ya 8. Mmea unasimama tu. Sukuma wiki ambayo haijakomaa mwisho wa Oktoba haitaongeza jani la maana mpaka Machi, kwa hiyo unachochuma wakati wote wa baridi ni akiba iliyosimama shambani.

Ndiyo maana wenye vishamba vya kukodi vya halmashauri hupanga mwaka kwa kurudi nyuma. Anayetaka sukuma ya Januari anatia mbegu kwenye kitalu cha miche Mei, anahamisha miche mwisho wa Juni au Julai, na siku hiyo hiyo anafunika wavu, la sivyo njiwa na viwavi vya vipepeo weupe watamaliza majani. Saumu inapandwa Oktoba au Novemba na kung'olewa Julai. Hata kwa mpango huo kuna pengo: Aprili na Mei mboga za baridi zinatoa maua, na za kiangazi bado ni miche.

Nyumbani mwanga tunao mwaka mzima na baridi si tatizo, isipokuwa sehemu za juu kama Njombe zinazoweza kupata jalidi Juni na Julai. Kinachokatisha mboga ni maji, na pia tabia yetu ya kupanda kila kitu mvua ikianza. Mei mchicha umejaa kila ua, hauna bei. Agosti fungu limekuwa dogo na bei imepanda. Bustani ikikosa mboga Agosti, kosa lilifanyika Aprili.

Chukua mkoa wenye masika na vuli, kama Arusha au Kilimanjaro, na unataka kuanza kuchuma sukuma Julai 1. Tangu kuhamisha mche hadi kuchuma mara ya kwanza ni wiki 6 hivi, kwa hiyo miche ihamishwe karibu Mei 20. Kitaluni inakaa wiki 5, kwa hiyo mbegu ziingie udongoni katikati ya Aprili, mvua ikiwa imepamba moto. Hapo ndipo wengi hushindwa, wakangoja mvua iishe, na sukuma ikafika mezani Septemba.

Kitalu cha wakati wa mvua kinataka uangalizi wake. Inua tuta sentimita 15 hadi 20 ili maji yatoke haraka, changanya udongo na mboji iliyooza vizuri, chora mistari yenye nafasi ya sentimita 15 na kina cha sentimita 1. Mbegu ziachane, zikibanana, unyevu hubaki shingoni mwa miche na kinyausi, ugonjwa wa kuozesha miche michanga, hakikosi. Utaukuta mche umelala asubuhi, shingo yake imekuwa nyembamba na ya kahawia pale inapogusana na udongo. Mche huo hauponi. Ng'oa na udongo wake, punguza kumwagilia, fungua hewa ipite. Juu weka kichanja cha nyasi au plastiki, kimo cha mita 1, kizuie matone mazito bila kufunga pembeni. Siku 10 kabla ya kuhamisha, punguza kivuli kidogo kidogo. Na sia mara mbili ya idadi unayohitaji.

Sasa maji. Wakati wa ukavu mboga hutumia kama lita 5 kwa mita ya mraba kwa siku. Tuta la mita 1 kwa 10 linataka lita 50, yaani ndoo mbili na nusu. Matuta manne ni lita 200 kila siku, na hapo ndipo mama anachoka kuteka na bustani inakufa. Bati la nyumba la mita 60 za mraba likipokea milimita 100 za mvua hutoa lita 6,000. Toa zinazomwagika, bakiza kama 4,800. Tangi la lita 5,000 likijaa mwisho wa Mei linalisha matuta manne kwa siku 25 tu, lakini linalisha tuta moja kwa siku 100, mpaka mapema Septemba. Kwa hiyo panda matuta manne mvua ikiwepo, na ukavu ukiingia bakiza moja, lile lililo karibu na tangi. Tandaza nyasi kavu sentimita 5, mbali kidogo na shina. Penye mchwa kagua chini ya matandazo kila siku chache, maana nyasi zikiisha watahamia kwenye mashina.

Hilo tuta moja nusu yake inabeba mashina 20 ya sukuma, mistari miwili yenye nafasi ya sentimita 50. Chuma majani ya chini, matatu hivi kwa shina kwa wiki, na usiguse kichomozi, yaani ncha ya juu inayotoa majani mapya. Nusu nyingine igawe vipande vitano vya mita 1, na kila wiki sia mchicha kipande kimoja: mbegu nusu kijiko cha chai iliyochanganywa na mchanga mkavu, la sivyo itaanguka mahali pamoja. Mchicha unang'olewa baada ya wiki 4, na wiki ya tano kipande kinawekwa nusu ndoo ya samadi iliyooza. Samadi mbichi inaunguza mizizi na kuleta magugu. Matembele yapande pale yanapomwagika maji ya kuoshea vyombo, yasiyo na sabuni nyingi.

Kitalu nyumba kinaingia wapi hapa? Kwa anayeuza nyanya au hoho, mwenye maji ya uhakika na soko, ni sawa. Kwa mboga za nyumbani ni mzigo. Mchana wa Dar es Salaam au Morogoro joto ndani likipita nyuzi 35, chavua ya nyanya inaharibika na maua yanapukutika. Nyanya ikirudiwa humo msimu hadi msimu, udongo unajaa minyoo fundo (vijinyoo vinavyovimbisha mizizi) na mnyauko bakteria. Huu wa pili unaupima hivi: kata shina, chovya kipande kwenye glasi ya maji safi, ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka, usipande nyanya wala bilinganya wala hoho hapo kwa miaka kadhaa. Neti ya kivuli juu ya tuta lililo wazi inafaa zaidi, na bei yake ni ndogo.

Tuache pia kubeba pakiti za mbegu za huku. Vitunguu vya Ulaya ya kaskazini vinahitaji mchana wa saa 14 au zaidi ndipo vitengeneze kichwa; nyumbani, wenye mchana wa kama saa 12, vitabaki majani. Red Creole na Bombay Red vinafaa na vinapatikana madukani kwetu. Nyanya aina ya Tanya unaweza kutunza mbegu yake mwenyewe. Zaidi ya hapo, kuingiza mbegu nchini kunataka kibali cha afya ya mimea.

Ndugu wa Dodoma na Singida wana mvua moja, Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwao tangi moja halifiki mwisho wa ukavu. Wao wanakausha majani ya kunde na mlenda, na kazi hiyo ni ya bustani sawasawa na kumwagilia: zidisha matuta ya kunde Januari, chuma majani machanga kabla ya maua, anika kivulini penye upepo, hifadhi yakiwa yanavunjika mkononi. Yakibaki na unyevu yanaota ukungu.

Ukitaka kutuma hela mwaka huu, tuma ya gata, tangi na bomba, ifike Februari, fundi amalize kabla ya masika.