Ruhusa za kanzidata: tubane au tulegeze?

Saa nne usiku ripoti ya mishahara imegoma. Fundi wa zamu hana ruhusa ya kusoma jedwali lenye hitilafu, na mwenye ruhusa kazima simu, kalala. Wanaotaka ruhusa zilegezwe huanzia kwenye usiku kama huu, na hawasemi uongo.

Hoja ya upande wa pili ni kongwe. Mwaka 1975 wataalamu wa kompyuta Jerome Saltzer na Michael Schroeder walishauri kila mtumiaji na kila programu wapewe ruhusa zile tu ambazo kazi yao inazihitaji. Akaunti ikiibwa, mwizi huishia pale ilipoishia akaunti. Siku hizi unaweza kubana hadi ndani ya jedwali lenyewe: PostgreSQL, programu ya kuendesha kanzidata, tangu toleo la 9.5 la mwaka 2016 inaweza kumwonyesha karani mistari ya tawi lake tu.

Mimi ni wa kubana. Ila sisi wabanaji tuna dhambi moja tusiyopenda kuitaja: ombi la ruhusa likikaa siku tatu bila jibu, watu hawasubiri, huazimana nywila. Kesho yake kumbukumbu za mfumo zinasema "admin" kafungua rekodi 400. Admin yupi? Nywila wanayo watu sita. Siri imevuja, na ushahidi nao hatuna.

Halafu GRANT, amri ya kutoa ruhusa, haina tarehe ya kuisha. Aliyehamishwa idara anaondoka na ruhusa zake za zamani, mpaka mtu akumbuke kuandika REVOKE, amri ya kuzifuta, na kwa kawaida hakumbuki mtu. Mfumo tunaojisifia kuubana unakuwa umelegea chini kwa chini.

Mifumo mingi ya hospitali ina mlango wa dharura: daktari hufungua faili la mgonjwa asiye wake kwa kuandika sababu, kisha hukaguliwa baadaye. Naona hiyo ndiyo dawa ya fundi wetu wa saa nne usiku, mradi ruhusa hiyo ijifunge yenyewe baada ya saa chache na mkaguzi asome kweli.

Anabaki msimamizi mkuu wa kanzidata. Katika PostgreSQL, vizuizi vya mistari havimgusi kabisa. Kwake yeye kinga ni kumbukumbu, nazo zisikae kwenye seva anayoishika mwenyewe.