Namna Nilivyoizamisha Meli Iliyokuwa Nchi Kavu

Kwa kuwa shemeji yangu amekwisha kutuma ujumbe wake wa sauti wa dakika saba katika kundi letu la watu wa Tanga tulioko Uingereza, na kwa kuwa jana usiku mtu wa Muheza ambaye sijapata kumwona maishani mwangu aliniandikia kuniuliza matanga yanaanuliwa lini, nimeona ni heri nisimulie mwenyewe. Yaliyotokea Jumamosi, nilipotoa hotuba kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mzee mmoja ninayemhudumia kazini, yanatosha kunivunjia heshima bila kutiwa chumvi. Si kweli kwamba niliwapeleka wazee wa watu ufukoni kwenye baridi. Si kweli kwamba nilisoma dua. Kuhusu machozi, naomba tusizungumze.

Wengi wenu mnajua kwamba nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee katika jimbo la Lincolnshire, mwendo wa nusu saa kwa basi kutoka mji wa pwani wa Skegness. Miongoni mwa wazee ninaowahudumia yumo babu mmoja ambaye Jumamosi alitimiza miaka 99. Tangu siku aliposikia kwamba marehemu babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi, mzee huyu hakupata tena kuniita kwa jina langu. Huniita baharia, nami kwa upumbavu sikupata kumweleza kwamba safari yangu moja tu ya boti, kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja, niliimaliza nikiwa nimekumbatia mfuko wa plastiki. Cheo nilikipenda. Mtu akiitwa baharia kila asubuhi anapopeleka uji, baada ya miezi minane huanza kutembea kwa kuyumba.

Mzee naye ana lugha yake. Sakafu ya chumba chake huiita sitaha, jiko letu huliita jiko la melini, na akitaka kutoka kwenda bustanini huomba ruhusa ya kushuka pwani. Kila jioni alinisimulia jinsi alivyoingia HMS Royal Arthur (hizo HMS ni herufi zinazotangulia jina la meli ya kivita ya Uingereza) mwanzoni mwa 1944, akiwa bado hajatimiza miaka 18. Alieleza jinsi kabini yao ilivyokuwa haina moto, na upepo wa Bahari ya Kaskazini ulivyopita chini ya mlango ukawakuta kitandani. Alieleza jinsi walivyofundishwa kufunga mafundo, kupiga saluti na kuosha soksi. Siku za mapumziko, alisema, walishuka pwani wakapanda basi kwenda Skegness mjini kutazama wasichana. Hapo mwenye akili angeuliza basi hilo liliwasubiri gati gani, maana Skegness haina bandari ya manowari. Ina mchanga, na maji yakipwa unaweza kutembea hadi uchoke kabla hujalowa kifundo cha mguu. Mimi, mtoto wa pwani, mjukuu wa nahodha, sikuuliza.

Wiki mbili kabla ya sherehe, meneja wetu aliniomba niseme maneno machache kwa niaba ya wafanyakazi, kwa sababu ya urafiki wangu na mzee. Maneno machache! Mnanijua. Usiku huo nikiwa zamu niliketi na simu yangu, nikaandika jina la meli, na jambo la kwanza nililokutana nalo lilikuwa hili: kwamba wakati wa vita redio ya Wajerumani, kupitia yule mtangazaji msaliti William Joyce ambaye Waingereza walimbandika jina la Lord Haw-Haw, ilitangaza kwamba HMS Royal Arthur imezamishwa. Nilikuwa ndiyo kwanza nashusha kidole nisome mstari unaofuata pale kengele ya chumba namba tisa ilipolia, nikaiweka simu mfukoni. Sikurudi tena kwenye ukurasa ule, na nawaapia kwamba mstari huo mmoja ungeniokoa.

Kilichonijaa kichwani baada ya hapo kilikuwa huzuni ya kweli. Nilimtazama yule babu akilala, nikajiambia kumbe mtu huyu ameokoka kwenye chombo kilichozama na hajapata kulalamika hata siku moja, isipokuwa juu ya chumvi kwenye supu. Nikaenda kwa muuza maua nikatengenezewa shada la pauni 45, lenye utepe mweupe ulioandikwa kwa dhahabu: "Mabaharia wa Royal Arthur, pumzikeni kwa amani vilindini." Muuza maua aliusoma mara mbili, akanitazama, akapokea pesa.

Hebu nijitetee kidogo kabla hamjaendelea kucheka. Jeshi la Majini la Uingereza lina desturi ya kukipa kituo chake cha nchi kavu jina la meli, na kukihesabu kuwa ni meli kwa kila jambo, hata anayetoka nje ya lango kwenda kununua sigara husemwa kwamba ameshuka pwani. Royal Arthur ilikuwa ya namna hiyo. Kabla ya kuwa meli ilikuwa kambi ya mapumziko ya Billy Butlin, mtu aliyezaliwa Cape Town mwaka 1899, ambaye aliona jinsi wafanyakazi wa Kiingereza wanavyokwenda pwani kwa likizo na kuishia kunyeshewa mvua mitaani kwa sababu wenye nyumba za kulala wageni huwatoa nje mchana kutwa. Akajenga vijumba vya mbao, mabwawa ya kuogelea, kumbi za dansi na bustani za maua pale Ingoldmells, kando ya Skegness, na kambi ikafunguliwa wakati wa Pasaka mwaka 1936. Vita vilipoanza Septemba 1939, Jeshi la Majini likaichukua, likapandisha bendera na kuanza kuwafundisha vijana ubaharia mahali ambapo miezi michache nyuma watu walikuwa wakishindana kwa uzuri wa magoti. Butlin akalijengea jeshi hilo kambi nyingine mbili, moja Pwllheli kule Wales iliyoitwa HMS Glendower, na nyingine Ayr kule Uskochi iliyoitwa HMS Scotia, nazo baada ya vita zikawa za mapumziko. Meli tatu, na hakuna hata moja iliyopata kulowa chini. Sasa niambieni, kwa haki ya Mungu, mtu aliyekulia Chumbageni, Tanga, angelijuaje hilo?

Shemeji anasema ningelijua kwa kutumia macho. Nakiri kwamba dalili zilikuwepo. Niliingia ukumbini nikiwa nimevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya vito, shada mkononi, na kitu cha kwanza nilichokiona mezani kilikuwa keki yenye umbo la kijumba cheupe chenye mlango wa buluu na vitanda viwili vya sukari ndani yake. Nilidhani mwokaji ameshindwa kutengeneza meli. Mjukuu wa mzee alikuwa amevaa koti jekundu na suruali nyeupe, kwa kuwaigiza wale wahudumu wa kambi za Butlin waitwao Makoti Mekundu, nami nikamwendea nikamshika mkono kwa unyenyekevu na kumshukuru kwa kazi yake katika Msalaba Mwekundu. Ukutani walikuwa wamebandika picha ya bwawa la kuogelea. Niliipita.

Basi nikaitwa. Ukumbini walikuwamo watu wapatao 40: binti wa mzee mwenye umri wa miaka sabini na ushei, wajukuu, vitukuu, wazee wenzake kwenye viti vya magurudumu, na mabwana watatu waliotumikia Jeshi la Majini, vifua vyao vimejaa nishani. Nilianza kwa kusema kwamba mimi natoka katika watu wanaoijua bahari. Mabwana wa nishani wakatikisa vichwa kwa heshima. Nikasema bahari hutoa na bahari hutwaa. Wakatikisa tena, lakini safari hii polepole. Nikasema kwamba leo tunasherehekea miaka 99 ya mtu mmoja, lakini tusiwasahau wale ambao hawakupewa nafasi ya kuzeeka, wale waliokuwa pamoja naye ndani ya Royal Arthur usiku ule wa kutisha ilipokwenda chini.

Nilisikia mtu akiweka kikombe mezani. Bwana wa nishani wa kwanza alimtazama wa pili, na wa pili akamtazama wa tatu, na wa tatu akaitazama keki. Nami nilipoona nyuso zao zimebadilika nikadhani ni majonzi, nikajisemea moyoni kwamba maneno yamewaingia, nikashusha sauti. Nikaeleza maji ya baridi yalivyopanda kwenye sitaha. Nikaeleza vijana waliopiga kelele kuwaita mama zao. Sijui niliyatoa wapi haya. Hayakuwa kwenye karatasi. Bibi mmoja wa chumba namba nne, ambaye hulia hata matangazo ya biskuti yakionyeshwa, akaanza kwikwi, na mimi nilipomwona analia, basi nami nikawa na kitu jichoni. Ndipo nikawaomba wote wanaoweza wasimame, tunyamaze dakika moja kwa ajili ya waliozama.

Wakasimama. Hili ndilo linaloniuma hadi sasa: wakasimama! Waingereza ukiwaomba wasimame kimya kwa heshima ya wafu hawawezi kukataa, hata wakiwa hawajui wafu wenyewe ni akina nani. Yule mjukuu mwenye koti jekundu alikuwa ameuma mdomo na mabega yake yanatetemeka. Kitukuu mmoja wa miaka kama sita akauliza kwa sauti kama keki itakatwa baada ya maziko, mama yake akamziba kinywa. Nilishika shada kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa, nikahesabu moyoni. Nilikuwa nimefika thelathini na nne.

Hapo ndipo mzee, ambaye kifaa chake cha kusaidia kusikia huamua chenyewe saa ya kufanya kazi, aliponyanyua kichwa na kuuona ukumbi mzima umesimama kimya mbele yake siku ya kuzaliwa kwake.

"Nani amekufa?" akauliza, kwa sauti ya mtu aliyefundishwa kupiga kelele penye upepo.

Hakuna aliyejibu. Nikamwendea, nikapiga goti kando ya kiti chake, nikamshika mkono. "Ni wenzako, babu," nikamwambia. "Wa Royal Arthur."

"Wote?"

"Wote, babu."

"Lini?"

"Ilipozama."

Akanitazama. Nimetazamwa na maafisa wa uhamiaji, nimetazamwa na baba mkwe siku ya kupeleka posa, lakini sijapata kutazamwa namna ile. Akausoma ule utepe wa shada neno kwa neno huku midomo yake ikicheza, akafika kwenye vilindi, akarudi mwanzo. Kisha akageuka kuitazama keki, akaielekeza kidole.

"Baharia," akasema, "Royal Arthur ile pale. Ilikuwa na mlango. Ilikuwa na bustani ya maua. Mimi nilipokaribia kufa maji, nilikuwa kwenye bwawa la kuogelea, na maji yalinifika hapa." Akajigusa kiunoni. Akapumua. "Redio ya Wajerumani iliizamisha ikiwa kwenye nyasi, tukacheka mwezi mzima. Sikutarajia kwamba nitaishi miaka 99 ili nimwone mtu wa pili akiizamisha."

Nadhani ni bwana wa nishani wa tatu aliyeanza, kwa sauti kama ya birika linalochemka, kisha ukumbi wote ukaachia. Mzee alicheka mpaka muuguzi akaja kumwangalia. Bibi wa chumba namba nne aliendelea kulia, maana yeye hakuwa amesikia sehemu ya pili. Nilibaki nimepiga goti, kanzu yangu imekanyagwa na gurudumu la kiti chake ili nisiweze hata kukimbia, na nilipoinua macho kutafuta msaada nilimwona shemeji, ambaye nilimkaribisha aje kunisaidia kupanga viti, amesimama mlangoni na simu imeinuliwa juu, anarekodi.

Mengine yalikwenda haraka. Keki ilikatwa, nilipewa kipande chenye kitanda, binti yake alinikumbatia na kusema baba yake hajacheka hivyo tangu mkewe alipofariki, meneja alisema tutazungumza Jumatatu, na Jumatatu alishindwa kuzungumza kwa sababu ya kucheka. Muuza maua alikataa kurudisha pauni 45. Mzee aliagiza shada litundikwe kwenye mlango wa chumba chake, na liko pale hadi sasa, hivyo kila daktari anayekuja husimama nje, husoma, na kuuliza kwa upole nani ametutoka. Nami ndiye ninayetumwa kueleza.

Kwa hiyo shemeji, futa ile sauti, au angalau ondoa pale unaposema nilitaka kuogelea kwenda kutafuta mabaki. Na wewe wa Muheza, matanga hayakuwekwa. Leo asubuhi nilipompelekea mzee chai, aliinusa, akaionja, akaniuliza kama imeokolewa kutoka melini au imeelea yenyewe mpaka ufukoni.