Wajackoyah hakuwa mzaha kwa vijana wa steji yetu

Mwandishi wa makala niliyoisoma anamwita George Wajackoyah "mgombea wa mzaha" wa uchaguzi wa urais wa Kenya wa 2022. Sikubaliani naye. Mimi nauza chai na mandazi steji ya matatu, na mwaka ule nilisikia jina hilo kuanzia alfajiri. Makanga walifunga vitambaa kichwani kama yeye. Walicheka, ndiyo, habari za bangi, nyoka na korodani za fisi za kuuzwa ng'ambo. Lakini kijana mmoja aliweka kikombe chini akaniuliza, "Mama, hili deni la nchi nitalilipa mimi, na kazi sina?" Hapo hakuna aliyecheka.

Deni ndilo lililokuwa hoja yake. Dawa aliyoitoa, ya kuuza vitu hivyo ili kulilipa, sikuiamini, na sikumpigia kura. Ila ni nani mwingine aliyefanya makanga wabishane kuhusu deni la taifa saa kumi na moja asubuhi?

Tena mtu haamki tu akajiweka kwenye karatasi ya kura ya urais Kenya. Sharti ni sahihi za wapiga kura 2,000 katika kila kaunti, kwa kaunti zisizopungua 24. Hizo ni 48,000. Mwishowe alipata kura 61,969, akashika nafasi ya tatu nyuma ya William Ruto, aliyeshinda, na Raila Odinga.

Mwandishi, hao watu 61,969 ungewatafuta ukawauliza walitaka nini. Wengine bado wanakunywa chai hapa kwangu, na kazi bado hawajapata.