Bismarck Yazama Kondele

Waingereza walihitaji manowari, ndege na topido kuizamisha Bismarck, meli ya kivita ya Wajerumani, mwezi wa Mei 1941. Yangu ilizamishwa na dada wa saluni, hapa Kondele, kwa pamba.

Ilikuwa modeli ya plastiki, kipimo cha 1 kwa 350. Ile meli ya mita 251 inakuwa sentimita 72 hivi, na vipande vingine ni vidogo kiasi kwamba ukipiga chafya unavitafuta chini ya kochi hadi kesho. Mizinga minane mikubwa nilikuwa nimeshaipachika, zimebaki pangaboi na usukani, gundi ya modeli ikaniishia. Mwenye duka mtaani akanipa supaglu.

"Chukua hii, jirani. Inashika hata ndoa."

Hakudanganya. Gundi hiyo hukazwa na unyevu, na Kisumu saa nane mchana kiganja cha mtu hakikauki. Mdomo wa tyubu ulikuwa umeziba. Nikabinya, haitoki, nikabinya tena, ikatoka yote. Kufumba na kufumbua, vidole vinne vya mkono wa kushoto vikawa mali ya jeshi la majini la Ujerumani.

Maji ya moto na sabuni, wapi. Mafuta ya kupikia, wapi. Mama Achieng' wa nyumba ya pili akaja kuona kelele ni za nini.

"Omera, si uvute tu!"

Nikavuta. Aliyelia ni mimi, si meli.

Ikabidi nipande boda, Bismarck imetoka nje upande wa kushoto, watembea kwa miguu wanainama kukwepa mizinga.

"Mkubwa, hiyo ni MV Uhuru?" akauliza dereva.

"Bismarck."

"Sawa. Inaenda Port Bell ama Mwanza?"

Kisha akapita stendi yao, akageuza, akapita tena, wenzake waone vizuri. Bismarck yenyewe iliishia kuzunguka hivyo hivyo baharini, topido ya ndege ilipoukwamisha usukani wake. Angalau mabaharia wake hawakuwa wakipigiwa honi.

Saluni ilinyamaza nilipoingia. Mteja mmoja akatoa kichwa kwenye draya kabisa, roli zinaning'inia. Dada mwenye saluni akavikagua vidole, akachukua chupa ya rimuva ya rangi ya kucha.

"Asetoni tu, kaka. Kaa hapa."

Nikamwomba aende polepole, maana plastiki ya modeli huyeyushwa na asetoni. Akasimamisha pamba hewani.

"Unataka meli ama vidole?"

"Vidole!" wateja wakanijibia, kwa sauti moja.

Kidole cha kwanza kikatoka. Cha pili kikatoka na rangi ya kijivu ya ubavu wa meli. Ilipofika zamu ya cha tatu, ubavu wenyewe ulikuwa umelegea kama ugali uliopungukiwa unga, na mnara wa mizinga wa mbele unaangalia sakafu. Aliponitoa kidole cha mwisho, kipande cha sitaha kilitoka nacho. Yule wa draya akasema, "Pole, baba," kwa huzuni ya kweli kabisa, halafu akacheka hadi roli moja ikaanguka.

Nikauliza bei. Mia mbili.

"Mia mbili? Bango lako pale linasema kutoa rangi ni mia!"

"Mia ya vidole," akasema, akifunga chupa. "Mia ya meli."